Wazazi waliozika vichanga nao wasindikizwe

Tarehe 1 mwezi wa nane ni Siku ya Wazazi katika inchi yetu. Asubuhi familia zinachukua majembe, fagio na maua, zinaenda makaburini kusafisha mahali walipolala baba, mama, babu na bibi. Mchana zinarudi nyumbani kula na kunywa pamoja na wazazi walio hai. Likasi nzima, tangu Kikula na Panda hadi Shituru na kule Buluo, hiyo ni siku ya kupumzika, na njia za kwenda makaburini zinajaa watu.

Lakini kuna wazazi ambao siku hiyo hawajui waende upande gani. Walibeba mimba miezi mingi. Walinunua sabuni, nguo ndogo na beseni. Kisha mtoto akafia tumboni, ama siku ya kuzaliwa, ama kabla ya kumaliza mwezi. Mchana hawana mtoto huyo wa kuwaletea zawadi, na asubuhi wengi wao hawana kaburi wanalolijua la kusafisha. Watu wanawapita na salamu za "sikukuu njema, papa, mama," nao wanaitikia tu.

Ninaandika juu ya hao. Ninapendekeza kitu kimoja ambacho hakidai pesa nyingi: kuanzia Siku ya Wazazi ijayo, parokia na makanisa ya Likasi yaanzishe hija fupi ya miguu kwa wazazi waliopoteza mimba ao kichanga. Iwe matembezi ya pamoja, yenye kiongozi, kutoka mlango wa materniti mpaka makaburini. Buluo inaweza kuwa ya kwanza.

Nje ya Likasi, watu wakisikia jina la Buluo wanawaza gereza. Mimi nikisikia Buluo ninamuwaza mama mmoja, ambaye sitamtaja jina wala mtaa. Miaka mitano imepita tangu mimba yake ya kwanza ifikie mwezi wa nane. Uchungu ulimshika usiku, na asubuhi mtoto akatoka bila kupumua. Alikuwa mvulana. Wakamfunga ndani ya kikwembe. Shangazi wawili wa bwana yake pamoja na kijana mmoja wa familia wakamchukua, na mbele ya jua kuzama walikuwa wamekwisha kumzika. Bwana alikuwa kazini. Alipofika alikuta wanawake wakinawa mikono. Mama mwenyewe alikuwa angali kitandani.

Hakukuwa kilio. Hakuna aliyeleta viti, hakuna aliyewasha moto uwanjani, hakuna jirani aliyekuja kulala. Siku ya tatu maziwa yakajaa kwenye matiti. Hapo akauliza: "Balimuzika wapi?" Wakamjibu: "Usiulize, mama. Mungu atakupa ingine." Na kweli Mungu alimpa wengine wawili, wazima. Lakini shangazi mkubwa alikufa, yule mdogo alihama, na kijana anasema hakumbuki tena vizuri ni pembe gani ya makaburi. Leo mama huyo hajui mtoto wake yuko wapi. Aliniambia: "Kila mutu ananiita mama wa huyu binti wangu. Mimi najua yeye haiko wa kwanza."

Kwetu neno hilo si dogo. Huku Katanga mwanamke akizaa, jina lake linabadilika. Anakuwa mama wa fulani, na bwana yake papa wa fulani. Jirani, mchuuzi wa soko, hata mkubwa wa kazi wanamwita hivyo. Aliyezaa mtoto akafa siku ileile hapewi jina hilo. Miezi minane ya mimba inafutwa kama haikuwa, na yeye anatazamiwa afute pia.

Wengine watasema ni jambo la watu wachache. Hesabu zinasema sivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa katika inchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa wazima, 28 wanakufa kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza, na 58 kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Ile 28 ni karibu mtoto 1 kwa kila 36. Hao ni wale waliopumua. Waliozaliwa wamekufa hawamo ndani ya hesabu hiyo, na mimba zilizotoka mapema hazimo pia. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani na Unicef wanahesabu karibu watoto milioni 2 kila mwaka wanaozaliwa wamekufa baada ya wiki 28 za mimba. Zaidi ya 40 kwa kila 100 kati yao wanakufa wakati wa uchungu, saa ambayo mkunga mwenye ujuzi na upasuaji wa haraka vingeweza kuwaokoa wengi.

Kwa hiyo ukiingia kanisa lolote la Likasi siku ya Mungu, ukihesabu viti, unaweza kuwa na hakika kwamba kuna mzazi wa namna hiyo ndani, na si mmoja. Anakaa karibu yako. Hamjaongea kamwe juu ya jambo hilo.

Kwa nini kutembea? Kwa sababu kwetu kuzika ni kutembea. Mtu mzima akikufa, maiti inatoka nyumbani, inapita kanisani, inaenda makaburini, na watu wanaifuata nyuma wakiimba. Njiani hata asiyemjua marehemu anasimama, anavua kofia. Hatua zile zote ni ushuhuda: huyu alikuwa mtu, alikuwa na watu, na hawa waliobaki hawako peke yao. Mtoto mchanga anabebwa mikononi na mtu mmoja, haraka haraka, na mama anaachwa nyuma. Wazazi hao walinyimwa safari ile ya kumsindikiza mtoto wao. Hija ninayosema ni kuwarudishia safari hiyo, hata ikiwa miaka imepita.

Sipendi kuwalaumu wazee. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao. Zamani watoto walikufa wengi sana, na kama kila mmoja angefanyiwa kilio kamili kijiji kisingelima. Mama aliyetoka kuzaa alihitaji kulala, si kusimama kwenye jua. Walitaka kumlinda. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mama "pumzika kwanza" na kumwambia "usiulize kamwe". Neno la kwanza linamlinda. La pili linamwacha peke yake na swali lake mpaka uzee.

Na kimya hicho kinazaa mabaya mengine. Pasipo maneno ya kweli, maneno mengine yanaingia. Wanasema mama alitembea usiku, mama alikula kitu, mama ana laana ya ukoo, ao kuna bibi mmoja wa jirani ambaye ni mulozi. Nimeona ndoa zikivunjika juu ya maneno hayo. Nimeona bibi mzee akihama nyumba yake. Mara nyingi mwanamke ndiye anayebeba lawama yote. Hapa ningependa watu wa miji yetu ya migodi wakumbuke jambo moja. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza uchunguzi waliofanya Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi inayohusu migodi. Haimaanishi kwamba kila kichanga anayekufa ameuawa na vumbi la mgodi, na haimaanishi baba naye alaumiwe. Lakini inatosha kutufunga mdomo tunapotaka kumnyooshea mama kidole.

Najua neno litakalokuja mbele: "Hiyo ni desturi ya wazungu." Ni kweli kwamba huko Ulaya na Marekani kuna vikundi vya wazazi vinavyotembea pamoja kukumbuka watoto wao. Marekani, rais Reagan alitangaza mwezi wa kumi kuwa mwezi wa kuwakumbuka watoto hao mwaka 1988. Lakini na wao walitoka kwenye kimya kama chetu. Katika inchi ya Ireland, kwa miaka mamia, watoto waliokufa bila ubatizo hawakuruhusiwa kulala pamoja na wengine. Walizikwa pembeni, mahali pasipo msalaba wala jina, mara nyingi usiku, na baba ndiye aliyebeba kisanduku. Leo parokia nyingi kule zinarudi mahali hapo kwa miguu, padri anabariki udongo, na wazee wanalia juu ya ndugu zao wadogo ambao hawakuwaona. Basi si wazungu waliotufundisha. Ni watu waliokosea namna yetu na sasa wanarekebisha.

Na kuhusu hija ya miguu, Afrika haihitaji mwalimu. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 mwezi wa sita, watu wanatembea kwenda Namugongo, Uganda, kuwaheshimu Mashahidi 22 ambao Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Wengine wanatembea siku nyingi sana, kwa vikundi vya parokia, kiongozi mbele, wimbo njia nzima. Rwanda, watu wanapanda Kibeho kwa Bikira Maria, na hekalu la pale limepewa jina la Mama wa Mateso, yaani mama aliyesimama karibu na mwana wake akikufa. Sisi wenyewe tuna Isiro, alikouawa Mwenye Heri Anuarite tarehe 1 Disemba 1964. Na kila Ijumaa Kuu, hapa Likasi, wakristo wanafuata msalaba barabarani. Miguu yetu inajua kazi hiyo.

Tena Katanga ina kitu chake zaidi. Katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, padri Placide Tempels alianza kukaa na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao, bwana na bibi pamoja, wakizungumza kwa Kiswahili chetu juu ya uzima, uzazi na mapendo. Ndivyo Jamaa ilivyozaliwa, ikaenea kambi hadi kambi. Baadaye ilileta mabishano na maaskofu, na sitaki kuyarudia hapa. Lakini jambo moja la Jamaa linafaa: uzazi hawakuupima kwa hesabu ya watoto walio hai tu. Mtu aliweza kuwa baba na mama kwa namna alivyopenda na kulea wengine. Na bwana hakuruhusiwa kukaa kando wakati bibi anaongea. Mababu zetu wa kambi za Union Minière waliweza kuongea hivyo. Sisi tunashindwa nini?

Wakristo wengine wanaogopa kwamba kanisa lenyewe linakataza. Mama yule wa Buluo aliniambia alidhani mtoto asiyebatizwa hawezi kuombewa. Si hivyo. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1183, zinampa askofu ruhusa ya kukubali maziko ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza lakini akakufa kabla. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa maandishi ya wanateolojia wake yanayosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa na Mungu. Kuna wazazi wengi ambao hawajaambiwa hayo. Padri akiyasema mara moja tu kwenye altare, mzigo wa miaka unaweza kushuka. Wachungaji Waprotestanti nao, Wametodisti na wengine, wana maneno yao ya faraja. Njia ya kwenda makaburini ni moja.

Sasa nieleze namna ninavyoiona hija hiyo, ili isibaki maneno ya gazeti.

Ianze kwenye mlango wa materniti ama kituo cha afya. Wazazi hao walitoka mlango ule mikono mitupu. Watoke tena wakiwa na watu. Njia iwe fupi, ya saa moja ama mbili, kwa sababu kuna mama aliyezaa juzi na kuna bibi wa miaka 70 ambaye bado anamkumbuka mtoto wake. Mwezi wa nane haunyeshi, njia ni kavu, asubuhi ni baridi. Ni wakati mzuri wa kutembea.

Kiongozi asiwe mhubiri mkubwa. Awe mtu anayejua kunyamaza: mkunga mzee, katekista, ao mama aliyepitia jambo hilo mwenyewe. Kazi yake ni kushika mwendo wa anayechoka zaidi, kusimamisha watu mara tatu ama nne njiani, kusema sala fupi, na kumpa nafasi anayetaka kusema jina la mtoto wake. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Wababa waalikwe kwa jina. Papa wengi walirudi kazini kesho yake, hakuna aliyewauliza. Mwanaume wa kwetu hapendi kukalishwa kwenye kiti na kuulizwa "unasikia namna gani?" Lakini mkitembea bega kwa bega, macho mbele, baada ya kilomita moja anaanza kuongea mwenyewe. Kila aliyetembea na baba yake shambani anajua.

Mwisho wa safari, makaburini, komine itoe pembe moja na kuweka jiwe moja la wote, kwa watoto ambao kaburi lao halijulikani. Mzazi aweke ua pale, ama jiwe dogo, ama asimame tu. Kisha watu wanywe chai pamoja kabla ya kutawanyika, kama tunavyofanya kwenye kilio chochote.

Na kuwe na makatazo. Pasiwe na sadaka, hata franka moja. Tunajua manabii wetu. Mahali palipo na machozi wanafika na chupa za mafuta, wanauza mimba na miujiza. Pasiwe na mtu wa kutafuta nani aliroga. Pasiwe na mahubiri kwamba mtoto alikufa juu ya dhambi ya wazazi. Na simu zibaki mifukoni: machozi ya mama si picha ya kutuma WhatsApp.

Kuna jambo la afya pia. Kutembea si dawa. Mama anayetoka damu nyingi ama mwenye homa apelekwe hospitali, si makaburini. Na mzazi ambaye miezi inapita hali, halali, ama anasema anataka kumfuata mtoto wake, huyo anahitaji muganga haraka. Muuguzi mmoja akitembea na kundi ataweza kuona mambo hayo. Zoni ya afya itafaidika vilevile, kwa kuwa mama aliyeheshimiwa baada ya msiba atarudi mapema kwa mashauri ya mimba inayofuata. Aliyeaibishwa atajificha.

Wengine wataniuliza: badala ya kutembea, si afadhali kudai wakunga, damu na umeme kwenye materniti? Ninajibu kwamba yote mawili ni kazi moja. Watoto ambao hatuwalilii, hatuwahesabu, na wasiohesabiwa hakuna mkubwa anayeulizwa juu yao. Siku ambapo wazazi 100 watatembea Likasi kutoka materniti hadi makaburini, hakuna atakayeweza kusema tena kwamba ni bahati mbaya ya mama mmoja. Watu watauliza: kwa nini wengi hivi? Swali hilo litaenda moja kwa moja kwa wenye mamlaka.

Ninawaomba mapadri na wachungaji wa Likasi walitangaze jambo hili mapema, kabla ya tarehe 1 mwezi wa nane, kwa maneno machache: wazazi wote waliopoteza mimba ao kichanga, hata kama ni miaka 40 iliyopita, wanakaribishwa. Ninaomba komine watoe ile pembe ya makaburi. Ninawaomba shangazi na bibi waliowahi kubeba watoto hao, na ambao wangali hai, wafanye jambo moja wiki hii: waende na mama wa mtoto, wamwonyeshe mahali. Msingoje hija. Mkifa na siri hiyo, hakuna mwingine wa kuuliza.

Nilimuuliza mama wa Buluo kama angekuja kutembea. Hakujibu mara moja. Alimwangalia binti wake aliyekuwa anacheza na maji kwenye beseni, kisha akauliza kama bwana yake angeruhusiwa kuja pia, na kama ingewezekana jina la mtoto lisemwe kwa sauti. Walikuwa wamemchagulia jina tangu mwezi wa sita wa mimba. Mpaka leo wanalijua watu wawili tu.